Jwenti ya kulasi: tusinunue kwa macho tu



Wiki hii hatuzungumzi juu ya unga wala chanjo. Tunazungumza juu ya gari, kwa sababu gari ndilo linabeba maziwa, fromaji na viazi vyetu kwenda Goma. Likilala garajini, minervali ya watoto inalala nalo.

Yaliyotupata mnayajua. Tulikuwa tunapanda kutoka Sake na mzigo, moteri ikachemka. Moshi mweupe ukatoka nyuma, na mafuta ya moteri yakawa na rangi ya chai ya maziwa. Mekanisye akasema jwenti ya kulasi imeungua. Tukatoa feza ya likelemba, tukamtuma mtu Goma, akarudi na jwenti ya bei ya chini, "inafanana na ile." Kisha wiki tatu moteri ikachemka tena, na safari hii kulasi yenyewe ikapasuka. Maziwa ya siku ile tuliyamwaga kando ya barabara. Hatumlaumu mtu mmoja. Sisi wote tulikubali bei bila kuuliza hata swali moja.

Sasa tumeuliza, na tunawagawia tuliyojifunza.

Jwenti hii ni nini? Mama akipika, huweka jani la mgomba chini ya kifuniko ili mvuke usitoke. Jwenti ya kulasi inafanya kazi kama ya jani lile. Inakaa kati ya bloku ya moteri na kulasi iliyo juu yake, na inatenga vitu vitatu: moto wa silinda, maji na mafuta. Ikiungua, vitu hivyo vinachanganyika.

Kabla ya kutoa feza, tuulize maswali haya matano.

1. Moteri ni ya aina gani? Jina la gari halitoshi. Gari la jina moja linaweza kuwa na moteri tofauti. Namba ya moteri imechongwa kwenye bloku. Tuipige picha kwa simu, tuende nayo dukani pamoja na jwenti ya zamani.

2. Unene ni upi? Hapo ndipo tulipoanguka. Kwenye moteri nyingi za mazuti, pistoni ikifika juu inatokeza kidogo kupita uso wa bloku. Kwa hiyo jwenti za moteri moja zinaweza kuwa na unene mbalimbali, na alama yake ni vitundu, vipengele au herufi pembeni. Ikiwa nyembamba mno, pistoni inaweza kugonga juu. Ikiwa nene mno, nguvu inapungua, na asubuhi ya baridi ya Mushaki moteri inakataa kuwaka. Mekanisye apime pistoni kwanza, kisha ndipo tununue.

3. Kulasi imepimwa? Moteri ikichemka, kulasi hupinda hata kama jicho halioni. Inapimwa kwa rula ya chuma iliyonyooka. Ikiwa imepinda, ipelekwe kusawazishwa kwa mashine, na tuangalie kama ina ufa. Jwenti mpya juu ya kulasi iliyopinda ni feza iliyotupwa. Na jwenti ya chuma ya tabaka nyingi inataka uso laini sana kupita ile ya kawaida.

4. Bulo ni mpya? Moteri nyingine zina bulo zinazovutika zikikazwa, na hizo hazirudishwi mara ya pili. Zote zikazwe kwa ufunguo wa kupima nguvu, hatua kwa hatua, kuanzia katikati kuelekea pembeni.

5. Nini kilichemsha moteri? Jwenti mara nyingi inaungua kwa sababu ya kitu kingine: radiateri iliyoziba, pompu ya maji iliyochoka, bomba linalovuja, mkanda uliolegea au kifuniko cha radiateri kilichoharibika. Tusipotengeneza hicho, jwenti mpya itafuata ya zamani.

Kifuniko hicho tusikidharau. Huku milimani maji yanachemka mapema. Hata Goma, kwenye kimo cha karibu mita 1500, maji ya sufuria yanachemka karibu na digrii 95, si 100. Ndiyo maana maharagwe yetu yanakawia kuiva. Kifuniko kizuri kinabana maji ndani ya radiateri yasichemke haraka. Ni kitu kidogo, lakini kinalinda moteri nzima.

Na shofere akumbuke: sindano ya joto ikipanda, asimame, azime moteri, angoje ipoe. Asifungue radiateri ikiwa moto, maana maji yatamrukia usoni. Wala asimwagie moteri yenye moto maji ya baridi, kulasi inaweza kupasuka.

Wazee walisema: rahisi ghali. Sisi tulilipa mara mbili, na mara ya pili tulilipa jwenti pamoja na kulasi. Kuanzia sasa, mama mweka hazina hatatoa feza ya piyesi kabla ya kuona vipimo vya mekanisye vimeandikwa kwenye karatasi. Kumwomba mekanisye karatasi si kumdharau. Hata sisi tukiuza maziwa tunapimiwa lita mbele ya macho yetu.

Mama mwenye swali alilete kwenye mkutano. Tuonane wiki ijayo.