Mazungumzo ya Nyeri: Je, Kinanda Kitamlisha?



Siku ya soko huko Karatina nilikutana na mzee mmoja, mkulima wa kahawa, naye alikuwa na neno zito moyoni. Binti yake amemaliza masomo ya sekondari, na kila Jumapili hupiga kinanda kanisani. Mzee alitaka asomee uhasibu. Lakini binti amemwambia kwamba ataka kujifunza kinanda kikubwa cha mabomba, kile ambacho watu wa nchi za ng’ambo hulipa kiingilio ili wakisikilize. Mzee akaniuliza, “Bwana, hiyo nayo ni kazi? Je, kinanda kitamlisha?” Nilimwahidi kumjibu hapa, maana najua si yeye peke yake mwenye swali la namna hii.

Kwanza yafaa tukijue chombo chenyewe. Kinanda cha mabomba si kama vinanda vya umeme tulivyovizoea makanisani mwetu. Hiki ni chombo cha upepo. Mpigaji akibonyeza kibao, upepo uliokusanywa ndani ya kasha huingia katika bomba, nalo hulia kama filimbi. Bomba moja hutoa sauti moja tu, ndiyo sababu mabomba ni mengi. Yako yenye urefu wa futi 16, ambayo sauti yake hutetemesha kifua, na yako madogo yasiyozidi penseli. Kinanda cha ukumbi wa Royal Albert Hall, mjini London, kina mabomba 9,999. Mikono ya mpigaji hucheza juu ya safu mbili, tatu au nne za vibao, na miguu yake hupiga safu nyingine iliyo chini. Zamani watu walisimama kando wakivuta mivukuto; siku hizi mota ya umeme huwafanyia kazi hiyo.

Hapo ndipo ulipo ugumu wa kazi hii. Mpiga gitaa hubeba gitaa lake begani akaenda apendako. Mpiga kinanda cha mabomba hawezi, maana chombo chake ni sehemu ya jengo, wala si rahisi kupata viwili vinavyofanana. Afikapo katika mji wa watu, humbidi kwanza kukaa na kinanda cha wenyeji na kuzijua tabia zake kabla ya wasikilizaji kuingia. Hata mazoezi yake ya kila siku humtegemea yule mwenye ufunguo wa kanisa.

Je, yuko Mwafrika aliyeifuata njia hii akafika mbali? Yuko. Jina lake Fela Sowande, wa Nigeria, aliyezaliwa mwaka 1905. Baba yake alikuwa kasisi. Huko Lagos kijana huyo alifunzwa na Thomas Ekundayo Phillips, mpiga kinanda wa kanisa kuu la Kianglikana. Katika miaka ya 1930 Sowande alikwenda London, na nia yake ya kwanza ilikuwa kusomea uhandisi. Muziki ukamshinda nguvu. Lakini msidhani kwamba milango yote ilifunguka siku ile ile. Usiku alipiga muziki wa jazi katika vilabu, na mwaka 1938 alipiga kinanda katika sahani za santuri za mwimbaji Adelaide Hall. Wakati huo huo aliendelea na masomo yake, hata mwaka 1943, akiwa na miaka kama 38, akapata cheo cha juu cha chuo cha wapiga vinanda cha Uingereza.

Tangu mwaka 1945 hata 1952 alikuwa mpiga kinanda na kiongozi wa kwaya katika Kingsway Hall, London. Aliandika muziki wa kinanda uliojengwa juu ya nyimbo za Wayoruba, kabila lake. Kisha akarudi nyumbani kusimamia muziki katika shirika la utangazaji la Nigeria. Mwaka 1957 alikwenda Marekani, akapiga vinanda vya huko mbele ya wasikilizaji. Baadaye alifundisha katika vyuo vikuu, na alifariki huko Ohio mwaka 1987.

Tazama vizuri, ndugu msomaji. Mtu huyo alikuwa hodari, lakini hatuoni mahali alipoishi kwa matamasha peke yake. Alikula kwa mshahara wa kanisa, wa redio na wa ualimu. Ndivyo ilivyo kwa wengi wa kazi hii hata leo, hata katika nchi zenye vinanda vingi. Tamasha ni tunda. Mshahara wa kila mwezi ndio shina.

Kwa hiyo, mzee wangu, jibu langu ni hili. Kazi ni ya kweli, bali ni ya polepole. Wewe unajua kwamba mti wa kahawa hauzai mwaka unaopandwa, wala hukuung’oa kwa sababu hiyo. Ulipanda maharagwe kati ya mistari, mkala wakati mkingoja. Binti naye na afanye hivyo. Ajifunze piano kwanza, maana vidole visivyoijua piano hupotea mbele ya kinanda kikubwa. Mitihani ya muziki hufanywa hapa Kenya, na chuo cha muziki cha Nairobi kimekuwako tangu mwaka 1944. Kinanda cha mabomba kimo katika All Saints’ Cathedral, Nairobi. Mpeleke siku moja akisikie kwa masikio yake, nawe ukisikie. Na ule uhasibu asiutupe mapema, au achukue ualimu wa muziki, ili awe na maharagwe yake.

Nawe, binti, nisikilize. Baba yako haogopi muziki. Aogopa kukuona na njaa. Usimjibu kwa maneno. Mjibu kwa kuamka mapema na kufanya mazoezi kila siku, mwaka hata mwaka, mpaka yeye mwenyewe akuulize ufunguo wa kanisa uko wapi.

Tuonane juma lijalo.