Picha moja ya baba

Rafiki yangu alipooa Moshi, kamati haikuwa na fungu la mpiga picha. Nikajitolea, na kamera ya kuazima. Harusi sikuwahi kupiga.

Kanisani palikuwa na giza, picha za mwanzo zikatoka na ukungu. Nikapandisha ISO hadi 3200, kasi nikaiweka 1/125. Chembechembe zilionekana, lakini sura zikatulia. Afadhali chembechembe kuliko bibi harusi asiyetambulika.

Kosa langu lilikuwa ukumbini. Nilihangaika na keki na ndafu (nani hapendi ndafu?), nikasahau kuwaita wazazi wasimame na maharusi. Mzazi mwenzangu, mwanao akiombwa kazi hii, mwandikie kwanza majina ya wazee kwenye karatasi, wapigwe kabla ya chakula.

Baba wa bwana harusi aliondoka mapema, alikuwa anaumwa. Miezi minne baadaye tulimzika. Familia ikaniomba picha yake ya siku ile. Ninayo moja: amekaa meza ya mbele, anacheka, chupa ya soda imemziba nusu ya uso.

Rafiki yangu ameikuza, ameitundika sebuleni. Nikienda kwake, huchagua kiti kinachoipa mgongo.