Mambo ya Nyumbani: Seva ya Nyumbani Ipewe Jina



Juma hili tunaleta jambo linalozihusu jamaa ambazo mmoja wao yuko mbali kazini. Tuchukue mfano wa askari aliye Mogadishu, ambaye nyumba yake iko Jinja. Nyumbani kuna seva ndogo, yaani kompyuta yenye diski za kuhifadhi mafaili: picha za watoto, vyeti vya kuzaliwa, risiti za karo na hati ya kiwanja. Anatakiwa kutoa nakala ya cheti cha mtoto kabla ya Ijumaa. Mkewe amekwenda kijijini kumwuguza mamaye. Cheti kimo ndani ya seva, na seva imo ndani ya nyumba iliyofungwa. Afanyeje?

Wengine hufungua milango ya ruta ili seva ionekane na ulimwengu mzima. Tunawasihi msifanye hivyo. Mwaka 2022 wahalifu walitumia programu iitwayo DeadBolt kuyafunga mafaili ya seva za nyumbani zilizoachwa wazi kwenye intaneti, kisha wakawadai wenyewe malipo.

Njia iliyo salama ni mtandao wa faragha, ujulikanao kwa herufi VPN. Huo ni kama handaki lipitalo ndani ya intaneti, na aingiaye ni mwenye ufunguo tu. Programu ya WireGuard, ambayo imo ndani ya Linux tangu mwaka 2020, hufanya kazi hiyo vizuri. Kila chombo hupewa anwani yake ya handakini: tuseme seva ni 10.8.0.1, simu ya baba 10.8.0.2, na simu ya mama 10.8.0.3. Katika ruta hufunguliwa mlango mmoja tu, ambao kwa kawaida ni namba 51820, nao hamjibu kabisa asiye na ufunguo.

Handaki likiwa tayari, wengi hukwama kwenye namba. Nyumbani wamezoea kuiita seva kwa anwani ya ruta, kama 192.168.1.20. Namba za aina hiyo hutumiwa na nyumba nyingi mno. Ukiwa katika hoteli yenye namba hizo hizo, simu yako huenda ikabisha hodi kwenye mashine ya mtu mwingine. Dawa yake ni jina.

Kazi ya kugeuza majina kuwa namba hufanywa na huduma iitwayo DNS, iliyobuniwa na Paul Mockapetris huko Marekani mwaka 1983. Nasi twaweza kuwa na DNS yetu ndogo, isikiayo ndani ya handaki peke yake. Hatua zake ni hizi:

Kwanza, weka katika seva programu ya dnsmasq, uiamuru isikilize kwenye anwani 10.8.0.1 tu.

Pili, chagua jina liishialo na home.arpa, kwa kuwa mwisho huo ulitengwa rasmi mwaka 2018 kwa ajili ya mitandao ya nyumbani. Andika kwamba akiba.home.arpa ni 10.8.0.1.

Tatu, katika WireGuard ya kila simu, andika 10.8.0.1 kwenye mstari wa DNS. Hakikisha kuwa anwani hiyo imo pia katika mstari wa AllowedIPs, la sivyo maswali ya simu hayatapita handakini.

Nne, usiongeze DNS ya pili ya watu wa nje. Simu ikiiuliza hiyo, itajibiwa kwamba jina lenu halipo, nawe utadhani seva imekufa.

Tano, jina la mlango wa kuingilia handakini lisiwekwe katika DNS ya ndani. Kufanya hivyo ni sawa na kufungia ufunguo wa nyumba ndani ya nyumba. Jina hilo sharti lijulikane nje.

Makampuni mengine ya simu huwapa wateja wengi anwani moja ya nje, na hapo ruta yako haiwezi kufikiwa moja kwa moja. Katika hali hiyo yafaa kutumia huduma kama Tailscale, ambayo huvikutanisha vyombo na ina mpango wake wa majina.

Jaribio lifanywe kabla ya safari, siyo baada yake. Zima waifai, tumia data ya simu, washa handaki, kisha ita akiba.home.arpa. Umeme ukikatika nyumbani, DNS hiyo nayo hunyamaza, na simu haitapata hata majina mengine. Basi zima handaki mpaka umeme urudi. Simu ikipotea, futa ufunguo wake katika seva siku ile ile.

Mambo mawili yasisahauliwe. Handaki halizuii diski kuharibika, kwa hiyo weka nakala ya pili mahali pengine. Tena, seva hii ni ya jamaa: karatasi za kazi za jeshi au polisi zisiingie humo hata kidogo.

Mama naye afundishwe hatua hizi, maana huenda siku moja yeye ndiye atakayekuwa mbali na nyumba, akihitaji karatasi ya hospitali ya mtoto. Namba husahaulika upesi. Jina moja jamaa nzima italikumbuka.

Hadi juma lijalo, kwaherini.