MSHAHARA UNAKATWA, MTARO UMEZIBA



Mwezi uliopita mwanachama mmoja alikuja ofisini kwetu akiwa na karatasi mbili mkononi. Ya kwanza ilikuwa karatasi yake ya mshahara, yenye kuonyesha kwamba alikatwa shilingi 550 za bima ya afya. Ya pili ilikuwa karatasi ya dawa aliyoandikiwa katika zahanati moja huku kwetu Eastlands, ambako alimpeleka mtoto wake aliyekuwa akihara na kutapika. Mtoto alipimwa bila malipo, na muuguzi alimpokea kwa wema. Lakini dawa hazikuwako. Baba huyo akaambiwa akanunue dukani, ng'ambo ya barabara. Aliporudi nyumbani aliruka, kama arukavyo kila siku, mtaro wa maji machafu ulioziba mbele ya mlango wake.

Alituuliza neno moja tu: "Nalipa nini?"

Swali hilo ni la haki, na twajua kwamba si lake peke yake. Linaulizwa Kaloleni, Jericho, Umoja, Kayole na Dandora. Basi tumeona yafaa kulijibu hapa, bila kumpendelea mtu.

Tuanze na hesabu, maana mfanyakazi asiyejua hesabu hudanganywa na kila apitaye. Mfuko wa zamani wa bima ya hospitali, NHIF, ulianzishwa mwaka 1966. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 kazi yake imechukuliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, chini ya sheria ya mwaka 2023. Kila mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote kabla ya makato mengine, na haipungui shilingi 300 kwa mwezi. Mwenye shilingi 20,000 hukatwa 550. Chini ya mpango wa zamani alikatwa 750. Mwenye 30,000 hukatwa 825, zamani 900. Lakini mwenye 50,000, aliyekuwa akitoa 1,200, sasa hutoa 1,375, na mwenye 100,000 ametoka 1,700 hadi 2,750.

Kwa hiyo tuseme kweli. Wenzetu wa mishahara midogo hawakuongezewa mzigo. Wengi wao wamepunguziwa. Waliongezewa wale wenye mishahara mikubwa. Sisi hatuwezi kulipinga jambo hilo, kwa kuwa ndilo tulihubirilo siku zote, kwamba mwenye nguvu ambebe mnyonge. Mtu hawezi kudai umoja siku ya mgomo, kisha aukatae siku ya hospitali.

Kama kosa haliko katika kiasi cha makato, liko wapi? Hapa wanachama wengi wamechanganyikiwa, nasi twataka walielewe jambo hili vizuri. Sheria ile imeweka mifuko mitatu. Fedha zinazokatwa katika mshahara wako huingia katika mfuko wa bima, ambao kazi yake ni kulipia matibabu ya hospitali, kama vile kulazwa. Mfuko wa pili ni wa dharura na magonjwa mazito. Mfuko wa tatu ni wa afya ya msingi, nao ndio unaohusu zahanati na vituo vya afya vya mitaani. Huo hautokani na makato yako ya SHA. Fedha zake zapaswa kutoka katika hazina ya serikali, yaani katika kodi. Ndiyo maana mtu akiisha kujiandikisha hupimwa na kutibiwa huko bila kulipa.

Sasa jibu la ndugu yetu laanza kuonekana. Rafu tupu ya zahanati haijazwi na ile 550. Yajazwa na kodi, na kodi hiyo pia ameilipa, katika mshahara na katika kila pakiti ya sukari na kila kipande cha sabuni anunuacho. Anayo haki ya kuiuliza. Lakini hawezi kuiuliza kwa kuitazama karatasi ya mshahara tu. Lazima aitazame bajeti, na bajeti ni jambo la watu wengi pamoja.

Mwaka 2001 wakuu wa nchi za Afrika walikutana Abuja, Nigeria, wakaahidi kwamba kila serikali itatenga angalau asilimia 15 ya bajeti yake kwa afya. Kenya ilikuwa miongoni mwao, na hadi leo haijaifikia ahadi hiyo. Wenye deni hilo ni serikali, na wadai ni sisi.

Tena tusikomee kwenye dawa. Mtoto yule aliugua kwa sababu gani? Kuhara hakutoki mbinguni. Kunatoka katika maji machafu, mikono isiyonawiwa, na mtaro kama ule wa mlangoni. Kipindupindu kilichozuka nchini Oktoba 2022 kilienea kaunti baada ya kaunti hadi mwaka uliofuata, na hakikumwuliza mtu kama ameajiriwa au anauza nguo Gikomba. Mfanyakazi wa kiwandani mwenye bima hutumia choo kimoja na fundi wa jua kali asiye nayo. Mtoto wa fundi akiugua Jumatatu, wa mwenye bima ataugua Alhamisi.

Na huyo fundi hali yake ni ngumu kuliko yetu. Sisi twakatwa kidogo kidogo kila mwezi. Yeye, sheria ilipoanza kutumika, alitakiwa kulipa mwaka mzima kwa mara moja, jumla isiyopungua shilingi 3,600. Mtu apataye fedha zake siku kwa siku atazitoa wapi kwa pamoja? Si mwanachama wetu kwa kadi, lakini ni jirani, na mara nyingi ni ndugu wa damu. Chama kinachowatetea wenye kadi peke yao hakitawalinda hata hao wenye kadi. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Mambo haya si mageni. Septemba 1978 wajumbe wa nchi 134 walikutana katika mji wa Alma-Ata, huko Kazakhstan, nchi ambayo wakati ule ilikuwa ndani ya Muungano wa Kisovieti. Walikubaliana kwamba afya ya watu haianzii katika hospitali kubwa. Yaanzia katika maji safi, chakula cha kutosha, chanjo, dawa za lazima karibu na nyumbani, na mafundisho ya kujikinga. Kazakhstan imekuwa nchi huru tangu 1991, na mji huo sasa waitwa Almaty, lakini maneno yale hayajazeeka.

Na hapa Nairobi yalijulikana hata kabla ya hapo. Wazee wetu wamkumbuka Tom Mboya kwa hotuba na siasa. Wachache wakumbuka kwamba alianza kazi kama Bwana Afya. Alisomea kazi hiyo katika Jeanes School, Kabete, akaajiriwa na Kanseli ya Jiji mwaka 1951, kukagua usafi wa jiji. Katika kazi hiyohiyo aliona Mwafrika akilipwa kidogo kuliko Mzungu kwa kazi moja, akawaunganisha wenzake, na chama cha wafanyakazi wa serikali za mitaa kikazaliwa. Baadaye akawa Waziri wa Mipango ya Uchumi, na mwaka 1965 wizara yake ikatoa ile Karatasi ya Bunge Namba 10 iliyoeleza njia ya maendeleo ya Kenya. Tangu siku hizo maadui wa taifa hutajwa kuwa watatu: umaskini, ujinga na maradhi.

Sisi twasema kwamba maadui hao hawaingii nyumbani mmoja mmoja. Huingia pamoja, kwa mlango mmoja. Anayetaka ushahidi aende Dandora. Jaa la takataka lilifunguliwa huko mwaka 1975. Mwaka 2001 lilitangazwa kuwa limejaa, na hata hivyo malori yaliendelea kumwaga. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilitoa uchunguzi wa watoto 328 waishio na kusoma karibu na jaa hilo. Karibu nusu yao walikutwa na madini ya risasi katika damu kupita kipimo kilichokubaliwa wakati ule. Madini hayo hudhuru ubongo wa mtoto. Humfanya awe mzito wa kujifunza. Basi mtoto huyo akishindwa mtihani tutamwita mvivu? Tutamlaumu mwalimu? Takataka zimeingia darasani kabla ya mwalimu hajafungua kitabu.

Kwa sababu hiyo twakataa kuitenga shule na hospitali. Elimu ya msingi bila malipo ilipoanza Januari 2003, watoto wa shule za msingi waliongezeka kutoka karibu milioni 5.9 hadi milioni 7.2 katika mwaka mmoja. Lilikuwa jambo kubwa, na wazazi wengi wa Eastlands walilia kwa furaha. Lakini mlango ulifunguliwa kabla vyoo, mabomba na madarasa havijaongezwa kwa kadiri hiyo. Fedha ambazo serikali ilipanga baadaye kwa mtoto wa shule ya msingi, shilingi 1,420 kwa mwaka, ni chini ya shilingi 4 kwa siku. Msichana asiye na choo cha kujisitiri hukaa nyumbani. Mtoto asiye na bomba la kunawa huleta nyumbani ugonjwa wa darasa zima.

Neno moja kuhusu wauguzi, madaktari na walimu. Tumesikia wanachama wakiwatukana kwenye dirisha la zahanati. Jambo hilo halifai. Aliyesimama dirishani hakuziondoa dawa. Yeye naye ni mfanyakazi. Madaktari wa umma waligoma siku 100 kuanzia Desemba 2016, na siku 56 mwaka 2024, wakidai mikataba waliyotia sahihi pamoja na serikali itimizwe. Wagonjwa waliteseka sana katika siku hizo, na hatufichi. Lakini mkataba uliotiwa sahihi ukivunjwa, kosa la kwanza ni la aliyeuvunja. Sisi tudaio mikataba yetu iheshimiwe viwandani hatuwezi kuidharau ya wenzetu hospitalini.

Sasa tufanye nini? Kulalamika kwenye basi hakujengi choo. Twaomba kila tawi lichukue kazi nne, na kuzijadili katika mkutano wake ujao.

Kwanza, kila mwanachama ahakikishe kwamba ameandikishwa yeye, mwenzake wa ndoa na watoto wake. Njia rahisi ni kupiga *147# kwa simu. Pia aangalie kama fedha alizokatwa zimefika. Mwajiri hutakiwa kuzipeleka kabla ya kupita tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Tajiri akatae kuzipeleka, jambo hilo liletwe ofisini mara moja, kabla ya mtu kuugua.

Pili, kila mtaa uchague wanachama wawili wenye daftari. Waandike siku dawa zilipokosekana na dawa gani. Siku bomba lilipokauka. Siku mtaro ulipoziba, na siku ulipozibuliwa. Malalamiko bila tarehe ni hadithi. Malalamiko yenye tarehe ni hoja.

Tatu, daftari hilo lipelekwe panapohusika. Chini ya Katiba ya mwaka 2010, zahanati, takataka na maji taka ni kazi ya kaunti. Shule za msingi ni kazi ya serikali kuu. Makadirio ya bajeti ya kaunti hupelekwa bungeni kwake kufikia tarehe 30 Aprili, na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Ibara ya 201 yaagiza wananchi washirikishwe katika mambo ya fedha. Watu wakikutanishwa juu ya bajeti, viti vyetu visiwe vitupu. Asiyefika asiseme baadaye kwamba alisahauliwa.

Nne, kila nyumba ijue kumwokoa mtoto anayehara kabla ya kufika zahanati. Chukua lita moja ya maji safi yaliyochemshwa na kupoa. Tia vijiko 6 vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote visawazishwe. Koroga, na mnyweshe kidogo kidogo, mara nyingi. Usiache kumnyonyesha. Macho yakididimia, au akishindwa kunywa, mkimbize hospitali. Mfundishe na jirani yako, awe na kadi au asiwe nayo.

Mtoto wa ndugu yetu alipona. Dawa ilinunuliwa kwa fedha iliyokuwa ya nauli ya juma zima, na baba akaenda kazini kwa miguu. Swali lake, "Nalipa nini?", twalijibu hivi: Ndugu, umelipia kitanda cha hospitali, na ni vema. Dawa za zahanati, mtaro wa mlangoni na bomba la shuleni umevilipia pia, kwa kodi, lakini havitakuja mpaka vidaiwe. Chama hiki kilifundishwa kudai mshahara. Sasa na kijifunze kudai mtaro.

Umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu.