UKURASA WA FAMILIA: Baba aliyenyamaza

Mwezi huu tunaongea juu ya kitabu, na kupitia hicho kitabu tuguse jambo linalosumbua nyumba nyingi humu kambini.

Kitabu kinaitwa Dust, maana yake vumbi. Mwandishi ni Mkenya, mama Yvonne Adhiambo Owuor. Ndiye aliyepata tuzo ya Caine mwaka 2003 kwa hadithi ya familia ya Wanyarwanda waliokimbilia Nairobi. Kwa hiyo maisha ya mkimbizi si mageni kwake.

Hadithi inaanza Desemba 2007, wakati wa uchaguzi wa Kenya. Kijana Odidi, injinia, anapigwa risasi na kufa Nairobi. Dada yake, Ajany, anarudi kutoka Brazil. Yeye na baba yao, mzee Nyipir, wanaupeleka mwili nyumbani, kaskazini kabisa mwa Kenya, kwenye nyumba iitwayo Wuoth Ogik. Kwa Kijaluo ni kusema safari imekwisha. Mama yao, Akai, anashindwa kuvumilia, anatoroka kwenda nyikani. Bado hawajakaa sawa, mara kijana wa Kizungu anapiga hodi. Anamtafuta baba yake, Hugh Bolton, aliyeijenga nyumba ileile zamani.

Basi hapo ndipo fumbo lilipo. Bolton alienda wapi? Odidi aliuawa kwa nini? Na mzee Nyipir anajua nini, mbona hasemi? Majibu hatuwapi, mtajisomea. Ila tuseme tu kwamba mzee naye ana yake: baba yake na kaka yake walienda vitani Burma, hawakurudi. Aliyenyamaza naye aliwahi kuwa mtoto anayengoja.

Sisi tunaoandika ukurasa huu ni dada wawili. Kitabu ni cha Kiingereza, hivyo mmoja alisoma na mwingine akasikiliza kwa Kiswahili, jioni baada ya kuosha vyombo. Tulipofika kwa yule mzee na siri zake, tulikifunga. Si mnajua, na sisi tuna baba. Yupo kambi hii hii, ila kwa miaka tulikuwa tukimsalimia tu kwa mbali. Njiani, wakati wa kukimbia, kaka yetu mkubwa alifia porini, na baba alisema, "Twendeni." Tukamwacha pale. Hatukumsamehe baba.

Jumapili moja tulimpelekea ugali na maharage. Alipomaliza kula tukamuuliza swali moja tu: "Baba, siku ile ilikuwaje?"

Alikaa kimya mpaka chai ikapoa. Halafu akasema: "Nilirudi usiku, ninyi mmelala. Nilimzika mwenyewe, chini ya mwembe. Ningewaambia pale, mngetaka kurudi kuliona kaburi, na njia ilikuwa na watu wenye bunduki."

Kumbe! Miaka yote hiyo kaka yetu ana kaburi, na sisi hatujui. Tulilia watatu.

Jamani, kila nyumba na yake, hatusemi yote yataisha hivyo. Lakini tumejifunza haya. Ukitaka kumuuliza mzazi, usimuulize mbele za watu, na usimuulize kama askari. Swali moja linatosha. Akinyamaza, mwache, urudi siku nyingine, tena usiende mikono mitupu.

Nanyi akina baba na akina mama, tunawaomba kwa heshima. Mtoto msipomwambia, atajitungia mwenyewe, na anachojitungia mara nyingi kinauma kuliko ukweli. Sisi tulijitungia baba asiye na huruma, tukaishi naye bure.

Sasa Jumapili baba anakula kwetu. Kitabu tumekifungua tena, naye anasikiliza. Tukifika kwa mzee Nyipir anatikisa kichwa, anasema, "Mwacheni kwanza, atasema."

Tukutane mwezi ujao. Mbaki salama.