Mwarubaini na Homa ya Mtoto

Siku moja katika darasa letu la watu wazima, Malindi, mjini Unguja, tuliandika ubaoni neno MWARUBAINI. Nikauliza: "Kwa nini mti huu unaitwa hivyo?"

Mzee mmoja akajibu: "Unatibu maradhi arubaini."

Bibi mmoja akasema: "Basi tuyahesabu."

Tukahesabu. Majani huchemshwa, na maji yake huogewa kwa upele na muwasho. Vijiti vyake ni mswaki. Majani yakichomwa, moshi hufukuza mbu. Yakitiwa ndani ya nafaka, huzuia wadudu. Maji yake machungu hunywewa kwa homa. Hatukufika hata kumi.

Ndugu wasomaji, mimi siudharau mti huu. Wazee wetu hawakuwa wajinga. Hata dawa mseto ya malaria, iliyoanza kutumika Zanzibar mwaka 2003, asili yake ni mmea. Wachina waliutumia mmea huo kwa homa tangu zamani. Mtaalamu wao, Bibi Tu Youyou, alisoma vitabu vya kale, kisha akaujaribu. Mwaka 1972 yeye na wenzake walipata dawa iliyomo ndani yake. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel, tuzo kubwa ya wataalamu duniani.

Lakini mmea ule ulichunguzwa, na dawa yake ina kipimo. Maji ya mwarubaini tunayochemsha jikoni hayana kipimo. Leo ni makali, kesho ni mepesi. Tena, homa ina sababu nyingi. Kwa macho tu hatuwezi kujua kama ni malaria. Na malaria kali huweza kumwua mtoto mdogo kwa siku moja au mbili. Mama akimnywesha mwarubaini na kungoja siku tatu, huenda akachelewa. Mafuta ya mbegu zake ni hatari zaidi: yamewahi kuwadhuru watoto wachanga. Mama mja mzito naye asinywe mwarubaini.

Maoni yangu ni haya. Mwarubaini tuutumie kwa mswaki na kwa kuhifadhi nafaka. Lakini mtoto akishikwa na homa, tumpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo, apimwe damu. Kama amekwisha kunywa mwarubaini, tumwambie daktari. Tusione haya.

Tupande mwarubaini uani. Tusiutwike mzigo usiouweza.