Tanzia za Wagiriki na Somo la Mkunazini

Wakati wa mazoezi ya kufundisha nilikaa nyuma ya darasa la sita katika skuli moja ya Mji Mkongwe. Watoto walikuwa wametembezwa Mkunazini, palipokuwa na soko la watumwa hadi lilipofungwa mwaka 1873. Katika maswali ya marudio mtoto mmoja alimgeukia mwenziwe akamwambia: "Babu zako ndio waliowauza babu zangu." Aliyeambiwa akainamisha kichwa. Mwalimu mwanafunzi akafuta ubao, akaendelea na swali jingine.

Simlaumu. Andalio lake la somo halikuwa na nafasi ya jambo kama hilo. Rai yangu kwenu ni kwamba, kabla ya kulifundisha somo hili, someni tamthilia ya Sophocles ambayo Samuel Mushi aliifasiri kwa jina la Mfalme Edipode, ikachapishwa mwaka 1971.

Edipode alimwua babake katika njia panda na baadaye akamwoa mamake, yote mawili bila ya kujua. Mji wake wa Thebes ukapatwa na maradhi kwa ajili ya damu hiyo. Watoto wake wanne hawakuwa na mkono katika hayo, lakini laana haikuwaacha: wana wawili wa kiume waliuana, na Antigone akafa kwa sababu ya kumzika mmoja wao. Wagiriki wenyewe hawakuridhika na adhabu ya kurithishana. Katika tamthilia za Aeschylus za mwaka 458 K.K., damu inadai damu kizazi baada ya kizazi, mpaka Orestes, aliyemwua mamake kulipiza kisasi cha babake, anaposimamishwa mbele ya baraza la Athens. Kura zinakuwa sawa kwa sawa, naye anaachiwa. Kisasi kinaishia hapo.

Wapo watakaosema kwamba nataka kuufunika uovu. La, hasha. Edipode aliombwa na mkewe aache kuuliza, akakataa, kwa kuwa mji usingepona kwa kunyamaza. Watoto na waelezwe yote: wafanyabiashara wa Unguja, watawala wa bara waliouza mateka, matajiri wa Kihindi waliokopesha fedha za misafara, Wafaransa walionunua watu kwa mashamba yao ya visiwani, na watumwa waliochuma karafuu Unguja na Pemba hadi utumwa ulipoondolewa nguvu ya sheria mwaka 1897. Ukweli huo ni urithi wa darasa zima. Lakini mtoto wa miaka kumi na miwili hakumtia mtu mnyororo.

Wala tusijione bora kuliko Wagiriki. Chuoni watoto hufundishwa kwamba kila mtu ataulizwa kwa amali zake mwenyewe. Kisha huja skuli kwetu, tukawapigisha magoti wote arubaini kwa kioo alichokivunja mmoja. Mwalimu wa namna hiyo atamkataza vipi mtoto kumlipiza mwenziwe kosa la babu yake?

Nilimshauri yule mwalimu mwanafunzi aanze upya kwa hadithi ya Edipode. (Habari ya ndoa si lazima kwa darasa la sita, ya njia panda yatosha.) Watoto humhukumu mfalme wa mbali kwa utulivu kuliko jirani. Aandike ubaoni: Nani alitenda? Je, alijua? Nani anaadhibiwa? Baada ya kujadiliana, maswali yale yale yapelekwe Mkunazini.

Wiki iliyofuata alifanya hivyo, nami nilikuwapo. Darasa lilibishana sana juu ya Antigone, zaidi ya nilivyotazamia. Walipofika kwenye mashamba ya karafuu, yule mtoto aliyekuwa ameinamisha kichwa alinyoosha mkono, akauliza karafuu zote hizo zilikuwa zikinunuliwa na nani. Kengele ikalia, na mwalimu akaliandika swali lake pembeni mwa ubao kwa ajili ya kipindi cha Alhamisi.